Mahali pa Kwenda Asubuhi

Watu wanaojua kwamba niliugua skizofrenia huniuliza ni dawa gani iliyonitibu. Huwatajia, kwa kuwa ni vyema wajue na kwa kuwa bado naitumia: sindano ya flufenazini kila mwezi, pamoja na vidonge vya kuzuia mwili usikakamae. Kisha huwaongezea jambo ambalo wengi hawalitarajii. Huwaambia kwamba kwa muda mrefu, Jumatatu hadi Ijumaa, nilipanda daladala asubuhi kwenda kwenye kituo cha mchana cha utengamao, nikashona, nikapika, nikapalilia mchicha, nikagombana na wenzangu juu ya zamu ya kuosha masufuria, na jioni nikarudi kulala nyumbani kwa mama yangu Temeke. Dawa ilinitoa kwenye hatari. Maisha nilirudishiwa pale kituoni, na inaniuma kuona huduma ya namna ile inavyosahaulika kila tunapozungumza habari za afya ya akili.

Kuugua kwenyewe nitakupitia upesi. Nilikuwa chuoni Morogoro, katika umri ambao ugonjwa huu hupenda kujitokeza, yaani mwisho wa balehe na miaka ya ishirini. Nilianza kusikia watu wakinijadili nyuma ya ukuta wa bweni. Baadaye wakawa wananijadili hata nikitembea peke yangu barabarani, na namba za magari yaliyonipita zikawa na ujumbe unaonihusu. Niliacha kula chakula cha kantini nikiamini kimetiwa sumu. Niliporudishwa nyumbani walinipeleka kule walikokujua: kwa shehe aliyeniandikia kombe, kwa mganga nje ya mji, na kwenye mkesha wa maombi ambao jirani yetu Mkristo alituomba tuhudhurie. Siwalaumu hata kidogo. Wote walinipokea kwa huruma, na mama alimaliza akiba yake akinihangaikia. Hatimaye nilifika wodini, nikadungwa, nikalala, na baada ya wiki kadhaa zile sauti zikaanza kusogea mbali.

Wasikilizaji wangu wengi wangependa nibaki hapo kwenye sauti na sumu. Mimi nasema sehemu ngumu zaidi ilianza siku niliyoruhusiwa kutoka hospitali.

Nilirudi nyumbani nikiwa kimya. Silii, sicheki, sikasiriki. Naamka saa nne, naketi ukingoni mwa kitanda mpaka adhuhuri inaadhiniwa. Kuoga kulinishinda kwa sababu kulikuwa na mambo mengi ndani yake: kutafuta ndoo, kuchota maji, kuvua nguo, kuvaa nyingine, kabla sijafika popote nimekwisha choka. Mama alikuwa akisimama mlangoni na kuniambia, “Mwanangu, hata kuoga nako?” Kaka yangu, aliyedamka alfajiri kila siku kwenda kubeba mizigo Kariakoo, alimwona mtu mzima anayekula na kulala. Akasema waziwazi kwamba ugonjwa umekwisha, uliobaki ni uvivu.

Kituoni ndiko nilikokuja kuelezwa kwamba ule nao ulikuwa ugonjwa. Skizofrenia ina dalili zinazomwongezea mtu mambo: sauti zisizo na msemaji, imani zisizotikiswa na ushahidi wowote, mawazo yanayoruka huku na huku. Ina nyingine zinazompunguzia: hamu, hisia, maneno, nguvu ya kuanza jambo. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Paris, Jean Delay na Pierre Deniker, walionyesha kwamba klopromazini inaweza kuzituliza zile za kwanza, na kutokana na dawa hiyo na ndugu zake watu wengi sana wameweza kutoka wodini. Lakini kwa zile dalili za pili dawa, za zamani na hata za siku hizi, hazina nguvu kubwa. Aliyevunjika mguu hufungwa hogo mfupa ukaunga, ila kutembea hurudishwa na kutembea. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba watu milioni 24 hivi wanaishi na ugonjwa huu, karibu mtu mmoja katika kila 300. Kila nikiisoma idadi hiyo nawaona walioketi ukingoni mwa vitanda vyao saa hizi, sauti zimekwisha nyamaza, nao hawana pa kwenda.

Aliyenitoa pale kitandani alikuwa afisa ustawi wa jamii wa kliniki. Alimtazama mama, akatazama kadi yangu, akasema, “Mama, huyu asikae tu nyumbani. Jumatatu mlete kituoni.”

Kituo kilikuwa jengo moja refu lililoezekwa bati, nyuma ya wodi. Lilikuwa na ukumbi, jiko, stoo na baraza, na pembeni matuta machache ya mboga. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo, dada aliyesomea kazi hiyo KCMC kule Moshi, alinipokea mlangoni. Hakuniuliza habari za sauti. Aliniuliza nimekuja na gari gani, nimepata kiti au nimesimama, na kama nimekunywa chai. Kisha akaandika jina langu kwenye daftari la mahudhurio.

Daftari lile lilikuwa la kawaida kabisa, lakini kesho yake nilielewa kazi yake. Kila asubuhi, tukiwa na vikombe mkononi, dada alisoma majina, na kila mtu aliitika. Jina lisipoitikiwa aliinua macho akauliza: yuko wapi mwenzetu? Nani anakaa jirani naye? Mchana mtu angepiga simu, au afisa ustawi angepita kwao. Tangu niugue hakukuwa na mahali popote duniani ambapo kutofika kwangu kungegunduliwa. Chuoni jina langu lilikuwa limefutwa, mtaani watu waliona nafuu nisipotoka nje. Sasa kulikuwa na watu ambao nisipofika wangeuliza. Ninaamini kwa dhati kwamba hapo ndipo nilipoanza kupona, kabla hata sijashika sindano ya kushonea.

Baada ya chai tulikaa kwa duara, kila mmoja akasema amelalaje na leo atafanya nini. Kisha kazi. Saa saba tulikula chakula tulichopika wenyewe, na alasiri ilikuwa ya bao, nyimbo, au somo fupi juu ya dawa: kwa nini mdomo unakauka, kwa nini mtu ananenepa, nini cha kumwambia daktari. Saa tisa tulitawanyika.

Mimi niliwekwa kwenye cherehani. Wiki ya kwanza dada alinipa kitambaa chakavu alichokichora mistari kwa chaki, akachomoa uzi sindanoni, akasema, “Leo ni kukanyaga tu, fuata mstari.” Nikakanyaga bila uzi. Baadaye akatia uzi. Tukaenda kwenye pindo, kisha mfuko wa kwendea sokoni, kisha foronya, na miezi mingi mbele, sketi ya shule yenye marinda. Mgeni aliyepita siku zile za mwanzo huenda alidhani tunachezeshwa kama watoto. Kumbe mtaalamu wa tiba kwa vitendo huivunja kazi vipande vidogo hadi apate kile ambacho mgonjwa anakiweza leo, hata awe amechoka vipi, na huongeza kimoja tu pale anapoona tayari. Ndoo, maji, nguo: niligundua siku moja kwamba nimeanza kuoga vilevile, jambo moja baada ya jingine, bila kufikiria yote kwa pamoja.

Cherehani ilifichua na jambo jingine. Wakati ule nilikuwa natumia haloperidoli, na miguu yangu ilikuwa haitulii. Niliinuka, nikakaa, nikainuka tena, na nyumbani walidhani wazimu unarudi. Dada aliona kwamba nikiwa nakanyaga pedali natulia, nikiacha tu nahangaika. Akaandika, akampelekea daktari. Daktari akaelewa kwamba ni dawa inayonisumbua, akapunguza kipimo na baadaye akaibadilisha. Katika kliniki ya kawaida daktari anakuona kwa dakika chache, mara moja kwa mwezi, ukiwa umejikaza na kuvaa vizuri. Asingeona.

Siku ninayoikumbuka kwa furaha kuliko zote ni ile niliyopewa pesa. Ilikuwa zamu yangu ya jikoni, nyanya zimekwisha. Dada alitoa noti mfukoni mwa koti lake, akanikabidhi, akanitajia nyanya, vitunguu, pilipili hoho na chumvi, akageuka kuendelea na shughuli zake. Hakunipa msindikizaji. Nilivuka barabara mpaka genge la karibu nimeishika ile noti kwa nguvu hadi ikalowa jasho. Mama muuzaji alinipangia nyanya mafungu, nikamwambia, “Dada, hizi za chini zimebonyea,” akanibadilishia. Nilisema neno lile bila kulipanga kichwani. Nilihesabu chenji, nikairudisha kituoni, nikaandika matumizi kwenye daftari la jiko. Kwetu, tangu niugue, mama alikuwa akificha hata pesa ya chumvi. Alifanya hivyo kwa kunilinda, kwani niliwahi kugawa nauli yote kwa wapita njia. Lakini mtu asiyekabidhiwa kitu chochote anasahau kwamba ana mikono.

Tulikuwa watu wa kila aina. Kulikuwa na mzee mmoja, zamani nahodha wa jahazi kati ya Tanga na Pemba, aliyekuwa bingwa wa bao asiyempa mtu nafasi. Kulikuwa na mwalimu, na mama aliyekuwa na watoto wakubwa. Na kulikuwa na kijana aliyefika kila siku akakaa kizingitini, hataki kuingia wala kuondoka. Nilidhani atafukuzwa au atavutwa ndani. Kila asubuhi jina lake lilisomwa, mwenzetu mmoja akamwitikia, na chai yake ikapelekwa palepale mlangoni. Hali ilikwenda hivyo kwa miezi. Siku moja pipa la maji lilikuwa tupu na foleni ya bombani ndefu. Akainuka, akachukua ndoo mbili, akaenda kuchota. Hakuna aliyemshangilia, maana dada alikuwa ametuonya tusifanye hivyo. Alipozileta, mzee nahodha alisema tu, “Mwanangu, mimina kwenye pipa kubwa,” naye akamimina, akaingia jikoni kwa mara ya kwanza. Kule wodini asingepewa muda ule wote. Na nyumbani hakuna mzazi, hata awe mvumilivu namna gani, anayeweza kumpelekea kijana wake chai mlangoni kwa miezi bila kukata tamaa, kwa sababu mzazi yuko peke yake.

Nilipoanza kuweza kusoma tena kurasa mbili tatu, daktari wetu alinipa maandishi kuhusu Thomas Adeoye Lambo. Yalinitia nguvu sana. Lambo alikuwa daktari wa Nigeria aliyesomea magonjwa ya akili Uingereza, akarudi kwao kuongoza hospitali mpya ya Aro, karibu na Abeokuta. Mwaka 1954, majengo ya kulaza wagonjwa yakiwa hayajakamilika, aliamua kutoyasubiri. Alipatana na vijiji vya jirani wawapangishe wagonjwa vyumba, kila mgonjwa akiwa na ndugu yake wa kumwangalia. Asubuhi walikwenda hospitali kutibiwa, matibabu yakiisha walirudi kijijini wakala, wakalima, wakaishi na watu. Aliwashirikisha na waganga wa jadi. Baadaye Lambo akawa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Ni kweli kwamba Moscow ilikuwa na hospitali ya mchana tangu mwaka 1933, na London na Montreal zikafuata mwaka 1946. Lakini mtu akiniambia huduma hii ni anasa ya nchi tajiri, namjibu kwamba Mwafrika aliianzisha kwao kwa sababu majengo yalikuwa hayajakamilika.

Kwetu Tanzania historia hiyo ina pande mbili. Upande mmoja kuna hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927 enzi za Waingereza, ambayo jina lake mtaani kwetu limekuwa tusi: ukigombana na mtu anakwambia ukapimwe Mirembe, kama Unguja wanavyotajiana hospitali yao ya Kidongo Chekundu. Nimetukanwa hivyo nikiwa mgonjwa kweli, na najua linavyochoma. Upande wa pili kuna hospitali ya Lutindi, kwenye milima ya Usambara, ambako kwa vizazi wagonjwa wametibiwa huku wakilima na kufanya kazi za mikono. Na kuna vijiji vya kilimo vya utengamao vilivyoanzishwa baada ya uhuru. Kazi kama sehemu ya tiba ilikuwapo nchini kabla mimi sijazaliwa. Kinachokosekana ni kuisogeza karibu na mlango wa mtu, ili asilazimike kuhama kwao ndipo apone.

Narudia kusema habari ya nyumbani, kwa sababu kituo cha mchana kina faida ambayo wodi haina: kila jioni unarudi. Unarudi na kitu cha kusimulia, na wa nyumbani nao wanapumua mchana kutwa. Mama alirudia biashara yake ya vitumbua aliyoiacha ili anilinde. Na mara moja kwa mwezi kituo kiliwaita ndugu. Siku kaka yangu alipokubali kuja, dada aliwaeleza juu ya George Brown, mtafiti wa London ambaye, tangu miaka ya 1950, yeye na wenzake waliwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali wakaona kwamba waliorudi kwenye nyumba za lawama nyingi, au za kufuatwafuatwa kwa hofu kila hatua, waliugua tena kwa urahisi zaidi. Kaka alijitambua kwenye lawama, mama akajitambua kwenye kufuatwafuatwa. Alikuwa akiamka usiku kuja kusikiliza kama naongea peke yangu. Hakuna aliyewaambia wamekosea. Walifundishwa nini cha kufanya: kusema jambo moja kwa wakati, kuuliza badala ya kukemea, kuniachia kazi moja ya nyumbani iwe yangu. Nikapewa kuwasha jiko la mkaa asubuhi. Kaka hakuomba radhi kwa maneno, si tabia yake. Alianza kuniletea mabaki ya vitambaa kutoka kwa mafundi wa Kariakoo.

Shirika la Afya Duniani liliwahi kulinganisha nchi mbalimbali, katika utafiti ulioanza miaka ya 1960, na wagonjwa wa Ibadan, Nigeria, na wa Agra, India, walionekana kupata nafuu zaidi kuliko wa nchi tajiri. Watafiti bado wanabishana kwa nini. Wengi wetu hukimbilia kusema ni kwa sababu ya familia zetu. Ninaipenda familia yangu na ninaijua kazi iliyofanya, lakini naogopa sana sifa hiyo ikitumika kuzuia bajeti. Mama yangu alikuwa na mapenzi yote tangu siku ya kwanza, na bado nilikaa ukingoni mwa kitanda mpaka alipopata wa kusaidiana naye.

Ugonjwa ulijaribu kurudi. Kulikuwa na kipindi sindano zilikosekana kwenye kituo cha afya cha jirani, mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukaanza. Aliyegundua ni mzee nahodha. “Binti yangu,” aliniambia, “jana hukula. Na leo umegeuza kiti, unaulinda mlango.” Mimi sikuwa nimeona mabadiliko yoyote. Siku ileile dada alimpigia daktari, dawa ikatafutwa kwenye hospitali nyingine, na nikawa nafika kituoni mapema na kuondoka wa mwisho mpaka hali ilipotulia. Sikulazwa. Mtu anayecheza nawe bao kila alasiri anakujua kuliko faili lako.

Kuondoka kwangu nako kulikwenda kwa hatua. Kwanza siku tatu kwa wiki kituoni na mbili kwa fundi wa sare za shule Mbagala aliyekubali kunichukua akijua kila kitu. Kisha moja kituoni. Kisha alasiri za mazungumzo tu. Sasa nina cherehani yangu na ninashona sare. Sauti bado huja, hasa nikichoka na jioni ikiwa na makelele. Nimejifunza kuendelea na pindo lililoko mkononi, nikimaliza ndipo nijiulize kama kuna aliyesema kweli, aghalabu hakuna. Nalala mapema. Tarehe ya sindano ameiandika mama ukutani.

Siku hizi naitwa kuzungumza na wazazi ambao watoto wao wametoka wodini. Tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na ni jambo jema, lakini wazazi hawa wanaulizia mambo ya karibu zaidi. Juzi kundi la akina mama waliopata chumba kwenye ofisi ya mtaa waliniuliza waanze kununua nini, cherehani au vifaa vya batiki. Niliwaambia waanze na nauli. Wenzangu wengi walioacha kuja hawakuwa wameshindwa na ugonjwa. Walishindwa na daladala mbili za kwenda na mbili za kurudi, kila siku, kutoka kwenye nyumba ambayo mwenye kipato alikuwa ameacha kazi ili amuuguze mtu. Sisi tuliuza mifuko na mchicha, na mgao wa kwanza wa mauzo ulikwenda kwenye kopo la nauli kabla ya kitu kingine chochote. Wale akina mama wameanza na michango yao ya kila Jumamosi. Wamepata wagonjwa wanane, muuguzi mstaafu wa kuwasimamia, na dada mmoja wa tiba kwa vitendo anayepita kila Jumatano. Daftari la mahudhurio nimewanunulia mimi.